Zima Spika, Sikiliza Chuma

Oya, kuna ugonjwa umeingia vijiweni Ilemela na wana wanaukaushia. Pita Kona ya Bwiru jioni, au simama Pasiansi muda watu wanarudi makwao kutoka mjini, utafute chuma, yaani pikipiki, kisicho na spika. Utatafuta sana. Singeli inagonga mpaka saiti mira zinacheza. Mimi na singeli hatuna ugomvi, naipiga kinoma. Ishu ni kwamba mwana anatoka Kiseke mpaka Kirumba cheni inalia njia nzima. Abiria kaisikia, muuza mahindi ya kuchoma kaisikia, hata trafiki kaisikia, mwenye chuma ndiyo kwanza anaongeza sauti.

Na chuma, mzee baba, hakifi ghafla. Kinaongea kwanza. Kinaongea wiki, kinaongea mwezi, kinabadili mlio, kinabadili harufu, kinaanza kuvuta upande. Siku kikigoma mlimani Kitangiri na kichwa, abiria wako, kipo nyuma, ndiyo utamsikia jamaa anasema "kimezima tu chenyewe." Chenyewe wapi! Kimekuomba msamaha mwezi mzima, wewe uko na singeli.

Nina nadharia yangu hapa, na kijiweni wananibishia kila siku: masikio ya mtu yanategemea chuma ni cha nani. Chukua deiwaka. Anakipokea jioni kwa mshkaji anayeenda kulala, anapiga misele ya usiku, asubuhi anakirudisha. Kikilia, kimelia mikononi mwa mwingine. Njoo kwa mtu wa hesabu. Bosi anataka buku saba, buku nane au teni yake kila siku, inyeshe isinyeshe. Sevisi, kwa makubaliano ya mdomo, ni ya bosi. Bosi naye anaona anayekiendesha ndiye akitunze. Wanasubiriana, oili inageuka lami.

Halafu kuna mtu wa mkataba. Hapo ndipo masikio yanazibuka. Piga hesabu mwenyewe: buku teni kwa siku, bila kuruka hata Krismasi wala Idi, mwaka ukiisha umemlipa bosi 3,650,000. Siku hiyo unakabidhiwa kadi, chuma chako. Sasa kama mwaka mzima umekiendesha kihuni, ulichokabidhiwa ni mkweche wenye kadi. Umenunua mkweche kwa milioni tatu na ushee, mwanangu. Ndiyo maana mtu wa mkataba, miezi ya mwisho ikikaribia, utamwona anaanza kuinama. Anabonyeza tairi kwa dole gumba, ananusa oili, hataki mtu akalie chuma kikiwa kwenye stendi. Jana alikuwa muhuni kama sisi, leo kawa baba wa familia.

Wapo pia waliopata chuma kwa mkopo wa kikundi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na Manispaa yetu ya Ilemela, tangu ilipogawanyika na Nyamagana mwaka 2012, inabanwa na sheria hiyohiyo. Mchongo mzuri, sikatai. Ila chuma cha kikundi kina ule ugonjwa wa hesabu kwa watu watano kwa mpigo. Kama mnaingia humo, kubalianeni siku ya kwanza nani anamwaga oili na pesa inatoka wapi. Msiposema, hakuna atakayemwaga.

Tuanze na cheni, maana ndiyo inayoongoza kwa kelele na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote.

Fundi wetu anakaa chini ya mwarobaini kule Kiseke. Jina silitaji, wateja anao wa kutosha, tukimwongezea tutapanga foleni sisi. Juzi kati kaja dogo na TVS, cheni imelegea mpaka inapiga kava. Injini hata hajazima. "Fundi, nikazie fasta, nina kichwa kinanisubiri Nyamanoro." Fundi hakumjibu. Kazima mwenyewe, kakiinua kwenye stendi kubwa, akaanza kuzungusha tairi la nyuma kwa mkono, polepole, kidole cha mkono wa pili kipo chini ya cheni, katikati ya sproketi mbili. Mahali fulani cheni ilikuwa inaning'inia. Kasogeza tairi kidogo, ikakaza. Kasogeza tena, ikalegea. Akairudisha pale ilipokaza, akasimama. "Unapimia hapa. Ukikazia kwenye ulegevu, hapa patakatika."

Kalegeza nati ya ekseli. Kachukua spana namba 10, akawa anavuta tairi nyuma kidogokidogo, upande huu, upande ule, anainama kusoma vile vialama vya kwenye uma wa nyuma mpaka vikalingana kulia na kushoto. Cheni ikabaki na mchezo wa kama sentimita mbili na nusu hadi tatu, juu-chini. Kakaza ekseli, karudisha pini. Dogo tayari kashika funguo.

"Wewe, ngoja. Breki."

Hapo ndipo mafundi wa kubahatisha wanapopigwa chenga. Ukivuta tairi nyuma, fimbo ya breki inavutika nayo, breki inaanza kubana bila wewe kukanyaga. Dogo angefika Nyamanoro drami ya nyuma haishikiki kwa moto, wese limekwenda na hajui limekwenda wapi, jioni anasema TVS inakula mafuta. Fundi kalegeza nati ya breki, kabonyeza pedeli mara mbilitatu, kazungusha tairi, likaenda lenyewe bila kugusa kitu. Kazi nzima haikuzidi muda wa kunywa chai. Kichwa cha Nyamanoro kilikuwa kimeshapanda chuma kingine, na dogo kanuna, lakini cheni ilinyamaza.

Kwa nini tuache ule mchezo wa sentimita mbili na nusu? Kwa sababu wewe unapima chuma kikiwa kitupu. Akipanda mama na ndoo zake mbili za dagaa, shokapu zinashuka, uma unanyanyuka, cheni inajivuta. Iliyokuwa imekaza kistaarabu kwenye stendi sasa inanyonga beringi za sproketi. Ukiona sproketi ya nyuma meno yamelala upande mmoja, ujue imeisha, na hapo usifanye ubahili wa kubadili cheni peke yake. Cheni mpya juu ya sproketi iliyolika haichukui muda nayo inalegea. Vinaenda seti: cheni, sproketi ya mbele, ya nyuma.

Sasa suala la oili chafu. Najua nitachukiwa. Vijiwe vyote, kuanzia Buzuruga mpaka Igombe, wana wanapaka cheni oili iliyomwagwa kwenye injini. Ni ya bure, ipo kwenye kidumu, mkono unakwenda wenyewe. Lakini ile oili imemwagwa kwa sababu imechoka, ina unga wa chuma ndani yake, na hili vumbi la Mwanza ni mawe yaliyosagika. Vikikutana kwenye cheni, umepaka msasa. Kijitabu cha Boxer kinataja oili ya gia, SAE 90, na kichupa chake kidogo unatumia muda mrefu tu. Futa cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, paka jioni ukitoka kazini cheni ikiwa bado ya moto, ipenye usiku kucha. Asubuhi futa iliyozidi. Ukipaka asubuhi na kuondoka, imeishia kwenye suruali ya abiria.

Twende injini. Hapa kuna uongo mmoja unazunguka kitaa, eti oili ni oili. Kwenye gari, injini ina oili yake na giaboksi ina yake. Kwenye hivi vyuma vyetu, Boxer, TVS, SanLG, Fekon, Haojue, lita moja hivi ya oili inafanya kazi tatu: inalainisha injini, inalainisha gia, na klachi nayo inaogelea humohumo. Oili nyingi za magari ya kisasa zimewekewa dawa ya kuteleza ili gari libane mafuta. Dawa hiyo ikifika kwenye klachi yako, pleti zinateleza. Unavuta resi, injini inapiga kelele, chuma hakiendi. Unakimbilia kununua klachi pleti kumbe muuaji ni chupa. Geuza chupa, tafuta maandishi JASO MA au MA2. Hicho ni kipimo cha Wajapani kwa oili za pikipiki. Uzito, vyuma vingi vya hapa vinataka 20W-50. Kama hakuna maandishi hayo, muuzaji akikuapia kwa mama yake, sepa.

Umwage lini? Boda anayekata kilomita 100 kwa siku, akipumzika Jumapili, kwa mwezi amepiga 2,600. Kijitabu kinaweza kukuambia ngoja zaidi ya hapo, ila kijitabu hakikuandikwa na mtu anayepandisha vilima vya Bwiru gia ya pili na abiria wa kilo 90. Mimi nasema usivuke hizo 2,600, na kama mzigo wako ni wa soko la Mwaloni, wiki mbili tatu zinatosha. Katikati ya hapo, angalia kipimo cha oili. Chuma kisimame wima, siyo kwenye stendi ya pembeni. Kikilala upande kitakudanganya. Na chuma kipya kikitoka dukani, usikipige moto kwa sifa. Boxer sevisi yake ya kwanza inaitwa kwenye kilomita 500 hadi 750, na oili inayotoka siku hiyo ukiiweka juani utaona inang'aa vichembe. Ni vyuma vinasugua kingo zake, vinazoeana. Anayeruka sevisi hiyo anaacha unga huo uendelee kuzunguka ndani.

Jambo dogo, ila lina maana: ukimaliza chupa, itoboe. Wapo wanaonunua chupa tupu zenye majina makubwa na kuzijaza wanachojua wao. Chupa yako nzima leo ni oili feki ya mshkaji wako kesho.

Kirumba Mwaloni ni dunia nyingine. Lile soko linalisha dagaa na samaki mpaka Kongo, Rwanda na Burundi, na kabla gunia halijafika kwenye lori, mara nyingi lilishakaa nyuma ya boda. Hela ipo, sisemi uongo. Lakini mzigo wa Mwaloni unalipwa mara mbili: mara moja na mteja, mara ya pili na rimu yako. Spoku zinalegea moja baada ya nyingine, kimyakimya, na moja ikishalegea jirani zake zinabeba uzito wake. Kuna kipimo cha mafundi ambacho hakigharimu hata jero. Inua tairi, lizungushe taratibu, gusisha spana kwenye kila spoku inayopita. Iliyokaza inajibu ting! Iliyolegea inajibu dup. Ukipata dup mbili zinazofuatana, usibebe gunia siku hiyo. Dup hiyo huisikii spika ikiwa inapiga, lazima utulie.

Samaki wabichi nao wana mambo yao. Ule utelezi na maji ya barafu yanashuka kwenye sproketi na drami ya nyuma, na mchana ukiwaka, abiria anakunusa kabla hajakuona. Mwaga maji safi, kausha, paka cheni. Halafu funika siti na nailoni kabla ya mzigo, siyo baada, bwana.

Ukija kwenye kuosha, hapa wana wengi tutagombana. Kuna tabia ya kuingiza chuma ziwani, mpaka maji yanafika kwenye ekseli, mtu kavua shati, picha zinapigwa. Bishoo kweli. Kwanza, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na oili yako inayoelea pale ndiyo inayoingia kwa sato utakayemla jioni na ugali. Pili, hata kama huna huruma na ziwa, huruma na mfuko wako unayo. Maji yanapenya kwenye beringi, yanaosha grisi, yanakaa kwenye drami. Asubuhi unakanyaga breki ya nyuma unapata hewa. Ndoo moja na kitambaa vinatosha, nyumbani, mbali na ziwa. Wanaotumia mashine za presha nao wasielekeze kwenye beringi na kabureta.

Milima. Mji wetu umejengwa juu ya mawe na kati ya mawe, hakuna asiyelijua hilo. Ukipandisha, watu wanajitahidi. Tatizo ni kushuka. Bei za mafuta EWURA inatangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na sisi tulio mbali na bandari tunalipia na safari ya lori kutoka pwani, kwa hiyo mtu kila akiona mteremko anazima injini, anaweka nyutro, anaserereka. Anaokoa matone. Anachopoteza ni breki ya injini, na taa, na honi, na uwezo wa kukwepa kwa resi mbuzi akichomoka kwenye jiwe. Breki peke yake ndiyo imebeba chuma, wewe na abiria. Breki shuu zinaisha kwa haraka, na ile harufu ya kuungua unayoisikia ukifika chini ni buku zako. Shuka na gia uliyopandia, mkono wa resi umeachia, breki unagusa tu. Wese linalotumika hapo ni kidogo mno, hata ukilitafuta hulioni.

Halafu wese la chupa. Ukienda Sangabuye au Kayenze ukakauka, sawa, nunua, ufanyeje. Lakini siyo kila siku. Chupa imekaa juani, haijulikani ilichanganywa na nini, na uchakachuaji wa mafuta ya taa tunaukumbuka. Chomoa plagi mara mojamoja uisome. Ncha ikiwa ya kahawia, uko freshi. Nyeusi yenye masizi, chuma kinakula wese kuliko hewa, na mara nyingi kosa ni eya klina iliyoziba vumbi. Nyeupe, hewa imezidi, injini inaungua kimyakimya. Ziwa lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kabureta iliyotuniwa Dar ikifika hapa inakuwa nzito kidogo. Kidogo, nasema. Usimpe fundi sababu ya kufungua kila kitu.

Makaratasi nayapitia haraka kwa sababu hayana raha. Namba nyeupe ni ya biashara, ya njano ni ya binafsi. Ukiwa na njano na unabeba vichwa, utapata unachokitafuta. Leseni ya udereva, leseni ya LATRA, bima, helmeti mbili, abiria mmoja. Mishkaki ni marufuku hata kama ni mume, mke na mtoto na wanakuomba kwa Kisukuma. Faini kwa kosa ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 mpaka 10,000 kwa bodaboda na bajaji, na wapo walioichukulia kama punguzo la dukani, wakaongeza makosa. Ambaye hajasoma darasa la udereva, VETA ipo hapohapo Nyakato.

Kijiwe sasa. Mtu wa nje anaona vijana wamekaa kwenye vyuma wanabishana Simba na Yanga. Ndani yake kuna utaratibu ambao hata ofisi nyingi hazina. Foleni inaheshimiwa, aliyefika kwanza ndiye anayekula kichwa, labda abiria awe na mtu wake wa siku zote. Mgeni hapaki tu, anajitambulisha. Sisi tuna boksi la bati lenye spana, pampu, viraka na solusheni, na aliyeazima anarudisha akiwa amefuta grisi. Aliyekula mzinga anachangiwa, na hapa ndipo nitakapowasema wana wangu: tunachanga haraka sana ukilazwa, tunachelewa sana kukwambia tairi lako limekuwa kipara. Kumwambia mwenzako "mkuu, breki yako ya nyuma imekwisha" kunaonekana kama kumvunjia heshima, kama unamwita fukara. Tukishafika hospitali ndiyo kila mtu anasema "mimi niliona."

Kwetu tumeanza kitu. Jumatatu asubuhi, kabla abiria hawajawa wengi, mnabadilishana vyuma. Mimi napanda chako mpaka Sabasaba na kurudi, wewe unapanda changu. Ukirudi unasema ulichosikia, bila kuremba. Wenyewe tumezoea sauti za vyuma vyetu kiasi kwamba hatuzisikii. Mgeni anazipata ndani ya mita mia. Mshkaji mmoja mwenye Haojue alikuwa anabisha kwamba stelingi yake iko poa. Watatu walipanda, watatu walirudi wanasema kitu kilekile: ukishika breki ya mbele, inagonga. Beringi za stelingi zilikuwa zimechimbika. Alinuna kama yule dogo wa TVS, kisha akaenda duka la spea.

Na siyo boda peke yake. Kwenye hizi Jumatatu yupo mwalimu wa sekondari na Boxer ya namba ya njano, yupo dada nesi ambaye TVS yake inang'aa kuliko zetu zote na anatucheka waziwazi. Yeye akitoka zamu ya usiku haanzi safari mpaka achungulie tairi na taa. Anasema kazini kwao hawaanzi zamu bila kupokea ripoti, sasa kwa nini apande chuma bila ripoti. Dada huyo kijiweni tunamwita Sista Ripoti, na hakuna anayebisha naye kuhusu tairi.

Wengi wa hawa ndio tunaokwenda nao misele ya Jumapili. Zamani misele ya mbali ilikuwa Igombe na Kayenze: unapita Airport, lami ikiisha unakula vumbi, unafika mwaloni unatafuta sato wa kukaanga na ugali wa moto. Bado tunaenda, na ile barabara ndiyo kipimo kizuri cha spoku na shokapu kuliko fundi yeyote. Lakini tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia alipozindua lile daraja la J.P. Magufuli, wana hawaimbi kingine. Kilomita tatu hivi juu ya maji, Kigongo mpaka Busisi. Mtu aliyezoea kusubiri kivuko, jua la saa saba linampiga utosini, leo anavuka kwa dakika chache tu, bila kukimbia.

Ukitaka kwenda na kundi, kuna namna. Mbele anakaa mwenye chuma dhaifu, siyo mwenye chuma kikali; wote tunakwenda kwa mwendo wake. Nyuma kabisa anakaa mwenye spana. Hatuendi sambamba, tunapishana, mmoja kushoto ya njia, anayefuata kulia kidogo, ili wa mbele akishika breki wa nyuma awe na pa kupita. Buhongwa tunasimama kujaza, Usagara tunasimama kuhesabiana. Juu ya daraja hakuna kusimama kupiga selfi, na upepo wa ziwa unakupiga ubavuni hasa kama umebeba mtu, kwa hiyo mikono ilegee, magoti yabane tanki, usishindane nao. Jioni wakati wa kurudi shusha kioo cha helmeti. Wale wadudu wa ziwani wakitanda, kope peke yake haitoshi, na jicho moja likifumba kwenye kona umekwisha.

Safari inayokuja tunataka kuvuka, tule Sengerema, turudi kabla ya giza. Masharti siyo mengi: tanki limejaa, oili haijavuka mwezi, taa zote zinawaka, tyubu moja ya akiba, helmeti inayofungwa mkanda siyo ya kuvalia trafiki. Sista Ripoti ndiye anayekagua, na Jumapili iliyopita aliwarudisha watatu nyumbani, mmoja wao akiwa mimi na tairi langu la mbele ninalolipenda sana. Saa 12 na nusu asubuhi tunatoka Pasiansi. Ukichelewa utatukuta Usagara, ila chai utajilipia.